Nyumba Isiyo na Pembe

Fomu ya fidia ina visanduku viwili:
urefu, upana.
Nilitoka Mwanza alfajiri, futi kamba mfukoni,
nikafika Kayenze kwa mama mzaa baba,
nikaizunguka nyumba mara tatu
nikitafuta pembe ya kuanzia.

Nkwimba alikuwa anapepeta choroko.
“Umepoteza nini?”
Pembe, nikasema.
“Pembe ni za ng’ombe,
na ng’ombe walikwisha kwa ndigana.”

Mlango ni mfupi, haujui cheo cha mtu.
Mtoza kodi aliinama, padri aliinama,
mimi nilisahau
na fito ikanikumbusha paji la uso.

Ndani, giza la masizi.
Kwanza pua huona: moshi, michembe ya darini,
samadi mbichi sakafuni, iliyopakwa kwa kiganja,
mawimbi madogo madogo
kama ziwa likiwa halina ugomvi na mtu.
Kisha macho: makombamoyo yakipanda
kutoka kila upande kukutana juu,
na katikati nguzo ya mkwaju,
nyeusi, inateleza kwa mikono ya miaka.

Nguzo ina chale. Kila ezeko, chale moja.
Bibi husoma kwa kidole gumba.
Hii, pamba ilipanda bei,
majirani wakanunua bati;
Lushinge akanunua baiskeli na nyasi mpya.
Hii, ziwa lilipanda likala viazi vyote
hadi kwenye ua wa minyaa.
Hii, hata hakumbuki; labda panya.
Na hii ya ndani sana, iliyokatwa kwa hasira,
mwaka wa amri ya kuhamia kijijini,
kila kaya kando ya barabara, mstari mmoja.
Wanaume ishirini na wanne waliingia chini ya paa,
wakalinyanyua zima,
likavuka mbuga kama kobe mwenye miguu mingi.
Kuta zilibaki nyuma, wazi, mvua ikazinywa.
Miaka minne baadaye nguzo ilirudi
usiku, kwenye mkokoteni wa kuazima,
ikatumbukia katika shimo lake lilelile.
“Haikuhitaji hata kugongwa,” anasema.

Udongo ni wa kichuguu,
ulikanyagwa na wake wa ukoo mzima
na ndama mmoja aliyejiunga bila kuitwa.
Kwato yake ipo, chini ya dirisha.
(Dirisha ni la baba yangu. Alilitoboa akiwa darasa la saba,
akachapwa, kisha likaachwa.)

Nikapima kutoka nguzoni.
Mashariki: mita tatu na robo.
Magharibi: mbili na nusu, kisha jiwe,
jiwe la ziwani, kubwa kama fahali aliyelala,
nusu ndani ya nyumba, nusu nje.
Mbona hamkulisogeza?
“Lilikuwapo kabla ya Lushinge.
Mgeni hasogezi mwenyeji.”

Siku hizi analala kwa mwanawe, nyumba ya tofali,
anapika kwenye kibanda cha bati.
Lakini kila jioni huja kuwasha moto hapa.
Ukizima miezi mitatu, anasema,
dumuzi watakula paa, na utawasikia wakitafuna.

Alichomoa kamba darini:
katani, nyeusi, mafundo saba.
Ndiyo aliyoishika Lushinge siku ya kwanza,
ncha moja kwenye kigingi, nyingine mkononi,
akitembea kinyumenyume.
Akasimama nguzoni, akanipa ncha.
Nikazunguka. Penye jiwe nikapanda, nikashuka,
bega likikwaruza ukuta.
Yeye aligeuka nami palepale,
taratibu, akihesabu kitu kwa Kisukuma.

Fomu ipo mezani, visanduku vitupu.
Barabara itapita Agosti, wamesema.
Wiki iliyopita walipaka X nyekundu ukutani, upande wa nje.
Sikuiona.
Nilipovua shati usiku, mjini,
begani palikuwa na udongo mbichi wa kichuguu,
alama za vidole zikionekana,
na chini yake, kidogo tu, rangi.